Fungu la Ishirini

Fundi alikuwa akitafuta mkasi. Mkasi wake mkubwa wa kukatia ngozi ulikuwa haujulikani ulipo tangu jana yake, na mwanamume akipotelewa na kitu ndani ya nyumba yake hushuku watoto kwanza, kisha mke, na mwisho kabisa, akibanwa sana, hujishuku mwenyewe. Pacha wake wawili walikuwa wameshakana, kwa sauti moja kama kawaida yao. Kwa hiyo akatia mkono katika kikapu ambacho mkewe huenda nacho kazini, akapapasa chini ya aproni iliyokunjwa, na badala ya mkasi akaibuka na daftari.

Lilikuwa daftari la shule tu, lenye jalada la buluu, ila lilikuwa limefungwa ndani ya mfuko wa nailoni na mfuko ukafungwa fundo mara mbili. Lile fundo ndilo lililomshtua. Hakuna mtu anayefunga mara mbili kitu kisicho na maana. Akalifungua fundo, daftari likajifungua lenyewe pale lilipozoea kufunguliwa, naye akasoma maneno ya juu kabisa ya ukurasa:

"Jumanne. Fungu la kumi nimelimaliza, limeniumiza sana. Karani amesema nisiishie hapo, nivumilie mpaka nifike fungu la ishirini, kwamba hilo ndilo litakaloniweka huru. Mume wangu asijue kwanza."

Akayarudia mara tatu. Mara ya kwanza alisoma kwa macho, ya pili kwa midomo, na ya tatu alilazimika kukaa kitandani.

Fungu la kumi alilijua vizuri. Kila mwisho wa mwezi yeye na mkewe walilitia kwenye bahasha wakalipeleka kanisani, mwezi wa neema kwa moyo mkunjufu na mwezi wa ukame shingo upande. Sasa kumbe kulikuwa na fungu la kumi jingine, limekwisha kutolewa hadi mtu ameumia, na aliyelipokea hakutosheka, anataka lipande hadi ishirini. Na chini yake, kwa mwandiko uleule wa kulala kidogo kushoto, mwandiko uliowahi kumwandikia barua za uchumba: Mume wangu asijue kwanza.

Akalirudisha daftari mahali pake, akajaribu kulifunga fundo kama lilivyokuwa, na mikono iliyozoea kushona ngozi ngumu ikashindwa na mfuko wa nailoni.

Mkewe, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Pacha, alikuwa mpishi wa shule ya chekechea ya kanisa lao. Miezi mitatu nyuma alimwambia Fundi kwamba kila Jumanne na Alhamisi, akitoka jikoni, atakuwa akipitia kwa Karani kujifunza namna ya kuisoma Biblia mwenyewe.

"Kwani Mchungaji hasomi?" Fundi aliuliza siku hiyo.

"Anasoma. Nataka na mimi nisome."

Jibu lile lilimkwama Fundi kooni kama mwiba wa samaki, lakini hakulitolea neno. Tangu mwaka uliopita alikuwa akimwendea mkewe taratibu. Mwaka huo walimzika mtoto wao wa mwisho, wa miaka mitatu, aliyechukuliwa na homa ya mapafu ndani ya siku nne. Makaburini Mchungaji alisoma habari za Mungu anayewapatiliza wana makosa ya baba zao hata kizazi cha tatu na cha nne, kisha akafunga kitabu. Hakumtaja mtu. Hakuwa na haja ya kumtaja, maana kila aliyesimama pale alijua kwamba baba yake Mama Pacha alikuwa akipika pombe ya magendo, na kwamba pombe hiyo iliua watu watatu siku moja, na kwamba mzee huyo alifia kifungoni. Macho yote yakamgeukia binti yake. Tangu siku hiyo alipika, akafua, akaosha, akajibu alichoulizwa, na basi. Fundi alikuwa na hofu moja tu maishani, na alikuwa hajamwambia mtu: kwamba asubuhi moja mwanamke huyu ataondoka na asirudi, na yeye hatakuwa na la kumwambia. Leo ndiyo kwanza aliona mlango ambao angetokea.

Kibanda cha Fundi kilipakana na kibanda cha mtu wa kutengeneza redio, na ubao uliowatenganisha ulikuwa na ufa wa kupitisha kiberiti na umbeya.

"Jirani," Fundi alisema, misumari midogo midomoni, "mtu akisoma Biblia nyumbani kwa mtu, hulipa?"

Mtu wa redio alizima redio aliyokuwa akiijaribu. Hilo lenyewe lilikuwa jambo kubwa.

"Mama Pacha?"

"Nimeuliza tu."

"Anasoma nini huko?"

"Si nimekwambia, Biblia."

"Na mimi natengeneza redio," mtu wa redio alisema. "Lakini zipo zinaletwa hapa nzima kabisa, hazina ubovu wowote. Mwenyewe ndiye ana shida nyingine."

Fundi alipiga msumari mmoja ukaenda kombo. Karani huyo alimjua. Alikuwa mzee aliyestaafu kazi ya mahakama, aliyefiwa na mkewe, miaka thelathini akiandika maneno ya mashahidi. Alikuwa mteja wa Fundi. Alileta viatu vikiwa vimepigwa brashi, akauliza bei, akalipa bei ileile aliyotajiwa. Fundi hakuwahi kumwamini mtu asiyepatana bei.

"Kumi kwa mia ni la Mungu," mtu wa redio aliendelea, baada ya kuchokonoa na kupewa nusu ya habari. "Sasa ishirini kwa mia, hilo ni la nani?"

Alhamisi hiyo Fundi alifunga kibanda mapema. Alichukua viatu vya Karani, ambavyo havikuwa vya kuchukuliwa hadi Jumamosi, akavitia kwapani viwe sababu endapo ataulizwa.

Mlango wa Karani ulikuwa wazi, pazia limeshushwa. Nje zilipangwa jozi tatu za viatu, na Fundi alizisoma kabla hajasoma kitu kingine. Za kwanza ni ndala za mwenye nyumba. Za pili ni za mwanamke mtu mzima anayetembea akiegemea upande wa nje, visigino vimelika. Huyo alikuwa dada mkubwa wa Karani, aliyeishi naye. Za tatu zilikuwa sandali za mkewe, zenye uzi mweusi alioutia yeye mwenyewe wiki ya sikukuu. Watu watatu chumbani, mmoja wao bibi kizee. Mwingine angerudi zake. Fundi alijiambia kwamba mtu mwenye njama ndiye anayejua zaidi thamani ya bibi kizee, akasogea dirishani.

"Usiniletee ushahidi wa kusikia," sauti ya Karani ilikuwa ikisema. "Nataka ulichokiona wewe kwa macho yako."

"Nimekiona."

"Mara ngapi?"

"Mara saba. Kila nikirudia nakiona."

"Na mumeo umeshamwambia?"

"Bado."

"Utamwambia lini?"

"Nikifika mwisho. Yule nikimwambia nusu atashika hiyo hiyo nusu."

Kupitia upenyo wa pazia Fundi aliona mkono wa mkewe ukitoka kikapuni na bahasha ya kaki, nene, na mkono wenye mishipa ya uzee ukiipokea.

"Nitaipitia yote leo," Karani alisema. "Ikipungua mahali nitakwambia Jumanne."

Fundi aliondoka akitembea kama mtu aliyevaa viatu vya mwenzake. Alipofika kibandani ndipo alipogundua kwamba vile vya Karani bado viko kwapani.

Nyumbani kulikuwa na mkebe wa maziwa ambamo waliweka fedha za nyumba, mshahara wa jikoni na mapato ya kibanda pamoja. Fundi aliushusha, akamwaga fedha mkekani, akahesabu. Hakuna kilichopungua. Akahesabu tena kwa hasira, akiamini kwamba mara ya pili zitapungua, nazo zikakataa. Mtu mwenye moyo mwepesi angefurahi. Yeye alirudisha mkebe na swali baya zaidi: kama hazitoki humu, basi anazitoa wapi?

Mkewe alirudi jua likiwa bado juu, akatua kikapu, akaanza kuchambua mboga. Pacha walikuwa nje wakiruka kamba.

"Karani hajambo?" Fundi aliuliza.

"Hajambo. Anaulizia viatu vyake."

Fundi alikohoa. "Mnasoma nini siku hizi?"

"Baba Pacha, nitakwambia. Nimebakiza kidogo."

"Mimi ni wa kuambiwa mwisho?"

"Wewe ni wa kuambiwa jambo zima." Hakuinua macho kwenye ungo. "Mbona ulifungua kikapu changu juzi?"

"Nilitafuta mkasi."

"Mkasi uko chini ya gurudumu la cherehani. Ulikuwa ukizuia lisiyumbe, uliuweka wewe." Akaendelea kuchambua. "Kama kuna kitu unataka kuniuliza, niulize."

Hapo palikuwa na nafasi ya kuuliza. Ilikaa hapo, wazi kabisa, muda wa kuchambua majani kama kumi. Lakini mtu aliyekwisha kuchungulia dirishani huona aibu kuuliza mlangoni, na Fundi akasema hana swali. Mkewe alipokwenda kuoga, alitoa daftari kikapuni, akalifungua palepale lilipojifungua, akaushika ule ukurasa mmoja na kuuchana. Alijitahidi uchanike taratibu ili usipige kelele.

Mchungaji hakumfanyia haraka. Fundi alikaa kwenye benchi la nje ya ofisi, akiangalia watu waliokuja baada yake wakiingia kabla yake, kwa kuwa wao walikuwa na miadi na yeye alikuwa na karatasi mfukoni tu. Alipoitwa, Mchungaji alimnyoshea mguu kidogo chini ya meza.

"Hiki kimeanza tena kuachia soli, Fundi."

"Nitakichukua, Mchungaji."

"Hata kesho tu. Haya, niambie."

Fundi alimpa ukurasa, akamweleza na habari ya bahasha. Mchungaji aliusoma mara moja, akavua miwani, akaifuta, akausoma tena. Wakati huo Fundi alitamani, na alishangaa kwamba alitamani, Mchungaji acheke na kusema kwamba hili si kitu. Mchungaji hakucheka. Kanisa lao lilikuwa na paa jipya nusu, na miezi miwili mfululizo bahasha zilikuwa zimepungua bila mtu kujua zimekwenda wapi.

"Kumbe ndiko linakokwenda," alisema.

"Letu sisi tulileta, Mchungaji. Mwezi huu na ule."

"Mlileta mnachoandika kwenye bahasha. Nani anajua kabla yake kimetolewa nini?" Akaukunja ukurasa, akautia katika Biblia yake. "Na hawezi kuwa peke yake. Hawa huanza na mama mmoja mwenye majonzi. Wanamwambia njoo ujisomee, usitegemee mtu. Baadaye ndipo wanapoleta bahasha. Umefanya vizuri, Fundi. Mwingine angeficha."

"Utazungumza naye tu, sivyo? Kumwonya."

"Anapikia watoto wa watu," Mchungaji alisema. "Jumamosi saa tisa, mbele ya wazee. Na wewe uwepo."

Fundi alitoka na kiatu cha Mchungaji mkononi. Kukishona kulimchukua robo saa, na hakudai kitu.

Wazee wa kanisa watatu walikutana katika darasa la chekechea kwa sababu ukumbi ulikuwa ukiezekwa paa, na humo hamkuwa na viti ila vya watoto. Walikaa magoti yakiwa karibu na videvu, wakijitahidi kubaki na heshima zao. Mchungaji alipata kiti cha mwalimu. Fundi alisimama, maana viti vilikwisha.

Mama Pacha aliitwa kutoka jikoni. Alikuja na kikapu chake, mikono ikiwa bado na povu la sabuni, funguo za jikoni na stoo zikining'inia kiunoni. Aliona wazee, akaona mumewe, akaacha kujifuta mikono.

"Mama Pacha, tunakupenda," Mchungaji alianza.

Fundi alijua hakuna jema linaloanza hivyo.

"Haya maandishi ni yako?"

Alipokea ule ukurasa. Hakuutazama mwandiko wake. Alitazama ule upande uliochanika, kisha akatoa daftari kikapuni, akalifungua, akaweka ukurasa juu ya mabaki yaliyobaki kwenye uzi. Ukakaa sawasawa. Alimwinulia Fundi macho mara moja, wala hakukawia, akayarudisha kwa Mchungaji.

"Ni yangu."

"Fungu la kumi hili ni la nani?"

"La Ezekieli."

Wazee walitazamana.

"Yule muuza mkaa?" mmoja aliuliza.

"Nabii," Mama Pacha alisema. "Sura ya kumi na nane. Kanisani kwa akina Karani mstari huitwa fungu, na mimi nimemzoea. Fungu la kumi ni mstari wa kumi. Fungu la ishirini ni mstari wa ishirini. Hamna Biblia hapa?"

Zilikuwepo nne. Zikafunguliwa. Kwa muda hakukusikika kitu ila kurasa, na mzee mmoja akinong'ona namba. Yule aliyemtaja muuza mkaa alianza kucheka, kisha akakigeuza kicheko kuwa kikohozi. Fundi alihisi damu yote ikimpanda masikioni. Alikuwa amebeba mstari wa Biblia akaupeleka kwa Mchungaji kama mtu anayepeleka mwizi polisi.

Lakini Mchungaji hakucheka. Mtu aliyewatoa watu kazini kwao siku ya Jumamosi hawezi kuwaacha waende mikono mitupu.

"Na bahasha?"

Habari ya bahasha haikuwa kwenye ukurasa. Fundi aliona mkewe anavyoihesabu njia iliyopitiwa na habari hiyo: dirisha, pazia, macho ya nani.

"Karatasi nne," alisema polepole. "Majibu yangu. Huniuliza nani anasema hapa, anamwambia nani, kabla yake kumesemwa nini na baada yake nini. Naandika, anasahihisha. Nikiruka kitu ananirudisha."

"Kwa hiyo anayekusahihisha Neno ni mtu wa kanisa jingine."

"Ndiyo."

"Na mimi nipo."

"Upo, Mchungaji. Swali lenyewe lilitoka kwako." Sauti yake haikupanda. "Siku tulipomzika mtoto wangu ulisoma Kutoka ishirini, mstari wa tano. Ukafunga kitabu. Wa sita uko palepale chini yake, huhitaji hata kugeuza ukurasa, na una rehema ndani yake kwa watu maelfu. Hukuusoma. Mimi nimekaa na huo wa tano mwaka mzima, peke yangu, nikiwapikia watoto wa wenzangu. Nikasema niende nikatazame mwenyewe kama kweli imeandikwa kwamba nilimuua mtoto wangu kwa kuzaliwa na baba yangu. Nikafika kwa Ezekieli. Huo mstari wa kumi unamtaja mtu mmwagaji damu, nikamwona baba, nikashindwa kuendelea siku mbili. Karani akasema, usiishie hapo. Wa ishirini unasema mwana hatabeba uovu wa baba yake. Someni wenyewe, vitabu viko wazi."

Hakuna aliyesoma kwa sauti, lakini mzee mmoja, aliyekuwa fundi bomba, alibaki na kidole juu ya ukurasa na hakukiondoa.

"Mama," Mchungaji alisema, na sasa alikuwa mpole sana, "Neno lina kina. Lina watu waliosomea kulichambua. Leo umefika kwa Ezekieli salama, kesho utafika pengine upotee, na unashinda na watoto wetu. Sisi si watu wabaya. Tuachie hilo daftari, Jumanne na Alhamisi ziishe, na kazi yako ni yako. Ukishindwa, jikoni tutatafuta mtu." Akamgeukia Fundi. "Baba wa nyumba, wewe ndiye uliyelileta. Unasemaje?"

Kila mtu alimtazama, na mkewe alimtazama pia. Fundi aliona karo ya pacha. Aliona kodi. Aliona mkebe wa maziwa ukibaki na sauti ya nusu yake. Alitaka kusema kwamba alikosea, na maneno hayo yalikuwa tayari mdomoni, lakini yaliyotoka ni mengine.

"Mwacheni aendelee kupika. Mimi nitamdhamini. Hatakwenda tena."

Wazee walipumua. Mmoja alikwisha kuanza kujinasua kwenye kiti chake. Mama Pacha alifungua fundo kiunoni, akatoa funguo, moja ya jikoni, moja ya stoo, moja ya bomba la nyuma, akaziweka juu ya meza ya mwalimu.

"Anayewekewa dhamana ni mshtakiwa," alisema. "Mlichoniuliza nimekijibu. Mboga za Jumatatu zimeshaoshwa."

Akatoka na daftari lake.

Walirudi nyumbani yeye mbele na Fundi nyuma, hatua kama kumi kati yao. Mtu wa redio alifungua mdomo walipompita, akaona nyuso, akaufunga. Pacha walitumwa kwa shangazi yao mtaa wa pili, nao kwa mara ya kwanza hawakubisha.

Mama Pacha aliketi mezani, akaweka daftari na ule ukurasa mbele yake.

"Nipe gundi," alisema.

Fundi alileta gundi ya viatu na kijiti cha kupakia. Alingoja akaripiwe, atukanwe, atupiwe kitu. Alikuwa amejiandaa kwa yote hayo njia nzima.

"Ulichana wewe, ugundishe wewe. Utafute mahali pake."

"Si palepale katikati?"

"Tafuta. Unaposoma wa kabla yake ndipo unajua unakaa wapi."

Alivuta kiti. Ukurasa wa kabla yake ulikuwa na kichwa cha maneno kilichopigiwa mstari kwa rula: Ezekieli 18. Laiti angegeuza karatasi moja tu siku ile ya mkasi, angeshaonyeshwa kila kitu. Chini ya kichwa kulikuwa na maandishi yaliyobanana.

"Kabla ya kuanza sura hii Karani amesema niandike kesi yangu kwanza, kama inavyoandikwa mahakamani. Nani alisema mtoto alikufa kwa makosa ya baba yangu? Mchungaji, makaburini. Alinitaja? Hapana. Nani mwingine alisema? Mume wangu. Lini? Siku ileile, tuliporudi, akivua viatu mlangoni. Alisemaje? Alisema, damu ya baba yako imetufikia. Nilisikia mwenyewe au niliambiwa? Nilisikia mwenyewe. Nimemuuliza Karani kama nimfute shahidi huyu, kwa kuwa ni mume wangu. Amesema nisimfute. Amesema mashahidi wengine hurudi wenyewe kubadili maneno yao, tuache nafasi."

Chini ya hapo mistari sita ilikuwa mitupu.

Fundi aliweka kijiti chini. Mwaka mzima alikuwa ameamini kwamba maneno yale ni ya Mchungaji. Alikuwa akimlaumu moyoni kwa kuyasema. Sasa alijiona mlangoni, kiatu kimoja mkononi, na akaisikia sauti yake mwenyewe.

"Mchungaji sijui kama aliamini," alisema. "Mimi sikuamini."

"Basi kwa nini ulisema?"

Gundi ilikuwa ikianza kukauka kwenye kijiti. Fundi aliitazama.

"Nilitaka kosa litoke upande wako."

Mkewe alikuwa akimngoja, kama alivyokwisha kumngoja juu ya ungo wa mboga, na safari hii Fundi hakusema kwamba hana neno.

"Siku ya kwanza ya ile homa uliniambia tumpeleke hospitali. Nikasema tungoje kesho. Nilikuwa na viatu vya harusi vya kumaliza, jozi sita, walishanilipa. Nikasema, ni mafua tu." Alijifuta uso kwa mkono wenye gundi. "Nimeogopa mwaka mzima utalikumbuka hilo."

"Nalikumbuka," mkewe alisema. "Hilo sikuliandika."

Fundi aliangalia ile mistari sita mitupu, kisha akamwomba penseli.